Doto Si Mstari Uliojirudia

Kila orodha ya watu ikionekana imevimba, iwe ya wakulima wa tumbaku Urambo, ya wagonjwa, ya wapigakura au ya watumishi, amri inayotoka ni moja: isafishwe. Mtaalamu wa kompyuta huitwa, hujifungia na orodha, kisha hurudi na habari njema kwamba majina mia kadhaa yalikuwa yamejirudia na sasa yamefutwa. Wakubwa hufurahi. Taarifa huandikwa, na idadi ya yaliyofutwa hupandishwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kana kwamba ni mavuno. Hakuna anayeuliza ni mangapi kati ya hayo yalikuwa majina ya watu wawili tofauti.

Mimi nauliza. Mtazamo kwamba mstari uliojirudia katika hifadhidata ni uchafu, na dawa yake ni ufagio, naona ni mbovu tangu kwenye msingi, na katika mkoa kama Tabora unawaumiza watu wasio na pa kulalamikia. Mstari uliojirudia ni dalili kwamba kuna swali ambalo mwenye jedwali hakulijibu siku alipoliunda: mstari mmoja unasimama badala ya nini? Badala ya mtu? Ya shamba? Ya mkataba wa msimu huu? Aliyeshindwa kulijibu swali hilo mwanzoni hawezi kulijibu kwa kufuta mwishoni.

Nianze na majina, maana ufagio hupita hapo kwanza. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayemfuata Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao huitwa Shija, awe wa kike au wa kiume. Tuseme basi Kulwa Maganga na Doto Maganga, wa kijiji kimoja wilayani Kaliua, wamejiandikisha katika chama chao cha msingi, AMCOS kama inavyoitwa na kila mtu. Jina la baba ni moja, la babu ni moja, tarehe ya kuzaliwa ni moja, kijiji ni kimoja, na kwa kuwa simu ya nyumbani ni moja, namba ya simu nayo ni moja. Safu tano kati ya sita zinafanana. Programu ya kulinganisha, ikiwa imeelekezwa kwamba tano kati ya sita zinatosha, itatangaza kuwa huyu ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili kwa ujanja wa kubadili jina la kwanza. Doto anafutwa. Atajua siku ya kugawiwa mbolea.

Na pacha ni mfano rahisi tu. Wazee wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, na karani akiambiwa mwaka peke yake huandika Januari mosi ili fomu ikubali. Matokeo yake ni kijiji chenye watu wengi waliozaliwa siku moja, wanaotumia majina yaleyale ya Hamisi, Juma, Mwajuma, Maganga na Kasanda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani Tabora. Ile ya 2022 ilihesabu 3,391,679. Watu wameongezeka kwa zaidi ya milioni moja katika miaka kumi, lakini kapu la majina halijaongezeka.

Sasa geuza upande wa pili. Mtemi aliyewatikisa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 alijulikana awali kama Mtyela Kasanda. Vitabu vya historia vinamwandika Mirambo. Mjini Tabora kwenyewe kuna shule ya sekondari yenye jina lake, nayo imeandikwa Milambo. Karani mmoja anasikia r, mwingine anasikia l, na hakuna aliyekosea. Karunde ni Kalunde. Athumani wa msikitini ni Othman wa cheti cha shule. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora na alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira, ndiye huyohuyo Tippu Tip. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliandika kwamba wamefika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mahali tunapopaita leo Tabora. Ukiipa kompyuta majina hayo bila maelezo, itakupa watemi watatu, wafanyabiashara wawili na miji mitatu, wala hakuna mstari mmoja utakaoonekana umejirudia. Ufagio utapita na kuviacha vyote pale pale.

Kwa hiyo ufagio unafanya makosa mawili kwa wakati mmoja. Unamfuta Doto ambaye yupo, na unamwacha Hamisi Juma aliyeandikwa mahali pengine Hamisi Juma Maganga na kwingine Hamisi Maganga. Sisi huandika jina la baba na la babu. Hatuna desturi moja ya jina la ukoo. Fomu inayodai jina la ukoo inamlazimisha mtu achague papo kwa papo, na msimu ujao atachagua tofauti.

Nadhani tulijifunza vibaya mwaka 2016. Machi mwaka huo Rais Magufuli aliagiza uhakiki wa watumishi hewa, na kufikia Mei majina zaidi ya 10,000 yalikuwa yameondolewa kwenye malipo ya Serikali. Kazi ile ilikuwa ya haki; fedha za umma zilikuwa zikiliwa. Lakini ilituachia mazoea mawili mabaya. La kwanza ni kupima ubora wa uhakiki kwa wingi wa waliofutwa. Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, jirani zetu, aliondolewa kazini Aprili 2016 baada ya kusema mkoa wake hauna mtumishi hewa hata mmoja, na timu ya uhakiki ikakuta 45. Baada ya hapo, ni kiongozi gani angetamani kupeleka taarifa yenye namba ndogo?

Zoea la pili ni kutia kila ugonjwa kwenye chupa moja. Mtumishi hewa ni mstari usio na mtu. Rudufu ni mtu mmoja mwenye mistari miwili. Kulwa na Doto ni mistari miwili ya watu wawili inayofanana. Haya ni mambo matatu yanayotaka kazi tatu tofauti: la kwanza linataka mtu aende akamtafute mhusika kazini kwake, la pili linataka kumbukumbu ziunganishwe, la tatu halitaki chochote zaidi ya kuachwa kama lilivyo. Ukiyaita yote uchafu, utayatendea yote kama uchafu.

Wataalamu watanijibu kwa kumtaja Codd, na wana haki. Edgar Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, ndiye aliyetoa mwaka 1970 wazo la hifadhidata ya majedwali tunayoitumia hadi leo. Alilijenga juu ya nadharia ya seti, na katika seti kitu hakiingii mara mbili. Lugha ya SQL ilipobuniwa, kuanzia kazi ya Chamberlin na Boyce ya 1974, iliacha mlango wazi: jedwali linaweza kuwa na mistari inayofanana kabisa, na anayetaka kuiondoa anatumia amri ya DISTINCT anaposoma. Sababu mojawapo ilikuwa gharama, kwani kuondoa marudio kunaichosha mashine. Codd, na baada yake Chris Date, walilalamikia mlango huo kwa miaka mingi.

Nami niko upande wa Codd. Wanafunzi wake wa maofisini kwetu ndio walioipindua hoja. Codd alisema marudio yasiruhusiwe kuingia. Hakusema yaruhusiwe, yakae miaka mitatu, kisha aletwe kijana wa kuyafuta usiku mmoja. Kati ya kukataza na kufuta kuna tofauti ya wakati, na wakati huo ndio wenye ushahidi. Karani anapoandika jina la pili linalofanana na la kwanza, mwenye jina amesimama mbele yake na anaweza kuulizwa: wewe ni nani wa huyu? Miaka mitatu baadaye hakuna wa kuulizwa, iliyobaki ni mistari miwili.

Ubaya wa DISTINCT unaonekana vizuri zaidi kwenye soko la tumbaku. Mkulima analeta marobota yake, mteuzi anapanga daraja, mizani inasoma uzito, karani anaandika. Tuseme marobota mawili ya mkulima mmoja yamepata daraja moja na kila moja lina kilo 78. Jedwali lina namba ya mkulima, tarehe, daraja na uzito, basi. Mistari miwili inayofanana herufi kwa herufi. Sasa tuseme mkulima mwingine alileta robota moja la kilo 78, mtandao ukasuasua, karani akabonyeza mara mbili. Naye ana mistari miwili inayofanana herufi kwa herufi. Hakuna mtaalamu wa SQL, awe wa Dodoma au wa California, atakayeweza kukuambia kwa kulitazama jedwali hilo ni yupi anayestahili malipo ya marobota mawili na yupi la moja. Habari hiyo haikuandikwa. Ukiweka DISTINCT kwenye hesabu ya malipo, umemwibia wa kwanza. Ukiiondoa, umemzidishia wa pili kwa fedha za wenzake.

Wafuasi wa Codd wanalo jibu: weka safu ya idadi, andika mbili. Linafaa kwa makopo ya dukani, na mabishano ya wataalamu juu ya jambo hili yalihusu kweli makopo ya chakula cha paka. Robota la tumbaku si kopo. Linaweza kukataliwa na mnunuzi peke yake, likarudishwa, likapangwa daraja upya. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hii na mizigo ya merikani, kaniki na ushanga walibeba kila mmoja kama frasila mbili, mizigo iliyofanana. Hata hivyo, mzigo uliopotea porini ulikuwa mzigo mmoja wa mpagazi mmoja, na mwenye msafara alitaka kujua ni upi.

Dawa iko mkononi mwa karani. Robota hupewa tiketi, na tiketi ina namba. Namba hiyo ikiwa safu ndani ya jedwali, na safu hiyo ikawekewa katazo la kujirudia, ambalo katika SQL huandikwa kwa neno UNIQUE, basi robota la pili la halali litaingia bila taabu na mbonyezo wa pili wa karani utakataliwa hapo hapo. Hakuna kusafisha mwisho wa msimu. Inashangaza jinsi jambo dogo hivi linavyokosekana katika majedwali mengi, huku fedha zikitengwa kwa ajili ya kazi ya usafi.

Kuna wanaodhani wamekwishapona kwa sababu kila mstari wao una namba ya mfululizo inayotolewa na mashine. Hao nawaonea huruma zaidi. Namba ya mfululizo haizuii kitu; inahakikisha tu kwamba mistari miwili ya mtu mmoja haitafanana kamwe, kwa kuwa mmoja ni 4051 na mwingine 4052. Ugonjwa umevishwa nguo. Namba hiyo ni ya manufaa kwa kuunganisha majedwali, sikatai, lakini haisemi lolote juu ya ulimwengu ulio nje ya kompyuta.

Hapo ndipo sauti nyingine hupaa: tumia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mjadala ufungwe. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza 2019 ulionyesha kuwa inaweza kudaiwa kwa kila mtu. Nakubali ni namba bora kuliko zote tulizo nazo. Kulwa na Doto wataanza na tarakimu nane zilezile na bado watatofautiana. Lakini mtazame anayekuja bila namba, kwa sababu hajaandikishwa, au vidole vyake vimesuguliwa na jembe hadi mashine haivisomi, au kitambulisho hakijafika. Safu yake itabaki tupu. Na kwa kanuni ya kawaida ya SQL, tupu mbili hazihesabiwi kuwa sawa: katazo la UNIQUE katika programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, linaruhusu wakulima elfu moja wasio na namba, na kila mmoja kati yao anaweza kuandikwa mara tano. PostgreSQL iliongeza njia ya kubadili tabia hiyo katika toleo la 15 la mwaka 2022. SQL Server tangu zamani inakubali tupu moja tu, kwa hiyo mkulima wa pili asiye na namba hukataliwa kabisa. Ukilazimisha safu ijazwe, karani mwenye foleni ndefu mlangoni atajaza chochote: sifuri ishirini, namba ya mwenyekiti, namba ya aliyetangulia. Umetengeneza uongo pale palipokuwa na pengo la kweli.

Tena si kila mwenye mistari miwili ana kosa. Makazi ya Ulyankulu, humu humu Kaliua, yalipokea wakimbizi wa Burundi wa 1972, na mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha uamuzi wa kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mtu aliyeandikwa zamani kwa namba ya ukimbizi na baadaye kwa namba ya uraia ana mistari miwili ya kweli, yote miwili ya halali. Ukifuta wa zamani umefuta historia yake ya miaka arobaini. Vivyo hivyo mgonjwa anayejiandikisha kliniki ya mbali ili jirani asimwone: rudufu yake inakwambia jambo kuhusu kliniki ya karibu, ukiwa na masikio.

Najua hoja inayokuja. Wewe unatetea wezi. Wapo wakulima wanaojiandikisha vyama viwili, wakachukua pembejeo za mkopo huku na kuuza tumbaku kule ili deni lisikatwe, na deni hilo huwaangukia wenzao. Ni kweli wapo, na wanaoumia ni wanachama waaminifu. Lakini fikiri: ushahidi wa wizi huo ni nini? Ni ile mistari miwili yenye alama moja ya kidole, tarehe mbili na saini mbili. Anayeufuta mmoja wao kwa jina la usafi amemsaidia mwizi kuficha nyayo zake. Na kama jedwali limeundwa ili mistari ya mikopo ifutwe pamoja na mstari wa mkulima, jambo ambalo waprogramu hulipenda kwa sababu halileti makelele, basi deni nalo limeondoka. Sijui mwizi angeomba nini zaidi.

Kinachotakiwa ni kuunganisha. Mstari mmoja unabaki, mikopo na malipo ya mwingine yanahamishiwa kwake, na jedwali la pembeni linaandika namba ipi iliingizwa katika ipi, na nani, lini, kwa sababu gani. Siku Doto akija na kitambulisho chake mkononi, kilichounganishwa kinatenganishwa. Kilichofutwa hakirudi.

Hili si wazo la huruma tu. Ivan Fellegi na Alan Sunter, watakwimu wa Kanada walioweka mwaka 1969 msingi wa kihisabati wa kulinganisha kumbukumbu, hawakugawa jozi katika mafungu mawili. Waligawa matatu: wanaolingana, wasiolingana, na wasiojulikana, na fungu la tatu walilipeleka kwa binadamu akaliangalie. Programu nyingi zinazouzwa leo zimejengwa juu ya hesabu yao. Fungu la tatu ndilo wanunuzi wanalolizima, kwa sababu linahitaji watu na posho.

Mzigo wa kuthibitisha basi uwe juu ya nani? Rudufu ikibaki, chama kinapoteza mifuko ya mbolea, na hasara inagawanywa kwa wanachama wote. Mtu akifutwa kimakosa, kaya moja inakosa mkataba, bila mkataba haina pembejeo wala soko, na msimu mzima umekwenda. Hasara hizo mbili hazilingani, wala hazimwangukii mtu yuleyule. Anayefuta ndiye athibitishe. Tume ya Uchaguzi, pamoja na kwamba sheria inamwadhibu anayejiandikisha mara mbili, huliweka wazi daftari la awali vituoni ili watu walikague na kuweka pingamizi. Kama hilo linawezekana kwa daftari la nchi nzima, haliwezi kuishinda AMCOS yenye wanachama mia tatu wanaojuana kwa sura.

Ombi langu kwa bodi za vyama vya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui ni hili. Kabla ya usajili wa msimu kufunguliwa, namba ya tiketi ya robota iwekewe katazo la kujirudia. Mtaalamu akileta orodha ya majina anayoyashuku, asipewe ruhusa ya kufuta. Majina hayo, bila namba za simu, yabandikwe ukutani ghalani kwa siku kumi na nne, yasomwe pia kwenye mkutano mkuu kwa wasiojua kusoma. Mwenye jina akitokea, abaki.